Onyo kwa Abiria

Wendell Haugstad alikuwa na ndege aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, na kama hukulijua hilo basi hujapata kukaa naye dakika tano. Miaka saba aligonga ribiti ndani ya banda namba tisa, pale uwanja mdogo wa Kettle Creek, upande wa jimbo la Wisconsin unaotazama Ziwa Michigan. Ndege yenyewe ya viti viwili, ubavu kwa ubavu, nyeupe yenye mstari mwekundu. Ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Iliruka sawasawa, ikatua sawasawa, na mlangoni ilikuwa na neno JARIBIO kwa herufi kubwa kama sheria inavyotaka, mtu asije akasema hakuambiwa.

Mbele ya kiti cha abiria palikuwa na kibao cha shaba. Sheria inakitaka hicho pia. ONYO KWA ABIRIA, kilisema, NDEGE HII IMEUNDWA NA MTU ASIYE FUNDI WA KIWANDANI, NA HAIKIDHI KANUNI ZA USALAMA ZA SERIKALI KWA NDEGE ZA KAWAIDA. Wenzake walibandika karatasi tu, yakaisha. Wendell alikwenda kukichongesha, akakikaza kwa skrubu nne, na alipenda sana kumtazama mgeni akikisoma huku anameza mate. "Soma vizuri," alikuwa akimwambia. "Ukimaliza, funga mkanda." Mzaha huo aliurudia miaka nenda miaka rudi, na aliyeusikia kuliko wote ni mkewe, Marlys, ambaye kibao chote alishakihifadhi kwa moyo.

Marlys alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na sita, theluji kwa barafu, watoto arobaini wakipigana mgongoni kwake, na hakuwahi kugonga hata sanduku la barua. Dada yake, Ardith, aliishi ng'ambo ya ziwa, mjini Muskegon. Kwa gari ni kulizunguka ziwa kwa kusini kupitia Chicago, mwendo wa saa saba kama foleni za Chicago zimekuhurumia, na kule saa zao ziko mbele kwa saa moja, kwa hiyo unafika umechelewa hata kama hukuchelewa. Kwa ndege ni saa moja tu. Hiyo saa moja ndiyo ahadi ambayo Wendell alimpa mkewe siku lilipoletwa sanduku la kwanza la mabati ya kuundia ndege. "Utakwenda kunywa kahawa kwa Ardith asubuhi," alisema, "na jioni uko nyumbani unapika." Marlys aliisikia yote, na sehemu ya kupika aliisikia vizuri zaidi.

Basi ndege ikaisha, na mwaka huohuo mume wa Ardith akafa.

Marlys alitaka waondoke kwa gari jioni ya kuamkia mazishi. Wendell akasema gari la nini, nasi tuna ndege. Asubuhi wakafika bandani, yeye na suti yake nyeusi, Marlys na keki ya kupeleka msibani imefunikwa kitambaa mapajani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa kama kifuniko cha sufuria. Ndege ile haikuruhusiwa kuingia wingu, maana haikuwa na vyombo vya kuruka bila kuona nje. "Litainuka," Wendell akasema saa mbili. "Linainuka sasa hivi," akasema saa tatu. Saa tano walimzika yule bwana. Saa nane jua likawaka anga nzima mpaka ukaliona ziwa linameremeta, na keki ikaliwa na mafundi wa banda namba nne. Ardith hakupiga simu kulaumu. Aliandika kadi ya shukrani kwa maua waliyotuma, akawaandika kwa majina yao kamili, kama mtu anayeiandikia benki.

Siku hiyo katika gari, wakirudi nyumbani, Wendell aliapa kwamba wingu halitamzuia tena. Ataivalisha ndege kila chombo ambacho sheria inadai kwa ndege ya kuingia mawinguni, tena zaidi ya sheria. Marlys naye aliapa lake. Lakini yeye aliapa kimoyomoyo, na kesho yake akaenda banda namba nne kumwona Gordy Pfluger.

Gordy alikuwa mwalimu wa urubani, mtu wa tumbo na vichekesho, mwenye ndege moja kuukuu ya kufundishia ambayo viti vyake vimetoa sponji. Jumamosi asubuhi wazee wote wa uwanja walikutana bandani kwake kwa kahawa na donati, na hapo ndipo Wendell alipokuwa akija kutoa taarifa ya maendeleo.

"Wiki hii nimefunga skrini ya pili."

"Ya kwanza ina nini?"

"Haina kitu. Ya pili ni ya akiba, kama ya kwanza itazimika."

"Na ya pili ikizimika?"

"Kuna ya tatu inakuja."

"Bwana wee," Gordy akasema, anachovya donati, "wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Utalima lini?"

Wazee wakacheka. Wendell hakucheka. Alikuwa na kitabu cha kanuni kwapani, kimejaa vikaratasi vya njano, na alikuwa tayari kumsomea mtu yeyote kifungu chochote. Alikwisha kuwasomea kifungu cha saa. Sheria inasema ndege ya kuingia wingu lazima iwe na saa inayoonyesha masaa, dakika na sekunde, tena iwe imefungwa ndani ya ndege, si ya mkononi. Skrini zake mbili, zenye uwezo wa kumwonyesha mvua ya mkoa wa tatu, zilionyesha masaa na dakika tu. Mwezi mzima Wendell alikosa usingizi kwa ajili ya sekunde. Mwishowe Marlys alipita dukani, akamletea saa ndogo ya betri, ya bei ya kipande cha jibini, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Akaikaza kati ya vyombo vya maelfu. Ndiyo ilikuwa kitu pekee kwenye dashibodi ile kisichohitaji kitabu cha maelezo.

Zikapita siku, ikapita misimu. Antena zikaongezeka tumboni mwa ndege mpaka ikafanana na nungunungu. Akaja fundi na mashine yake, akapima mirija ya hewa, akapima kipimo cha kimo, akapima kile chombo kinachoijibu rada, akatia saini. Wendell aliipiga picha saini ile. Kila kitu kilikuwa na tarehe yake, na kila tarehe ilikuwa na ukurasa wake ndani ya faili la bluu lililopangwa kwa vitenganishi vya rangi.

Na wakati wote huo, jamani, mkewe alikuwa akizungumza.

"Nimeanza masomo kwa Gordy," alimwambia msimu wa kwanza, amesimama pembeni ya ndege, miguu ya mumewe imetokeza nje na kichwa kiko chini ya dashibodi.

"Vizuri sana, mama. Nipe hiyo bisibisi nyembamba."

"Jumanne nina mtihani."

"Utafaulu tu. Siyo hiyo, ile nyembamba."

Alifaulu. Aliweka leseni yake, kadi mpya ya plastiki, juu ya meza ya kazi pale Wendell asipoweza kuikosa, na kweli hakuikosa. Aliichukua akaitumia kukwangua gundi iliyomwagika kwenye ukingo wa kioo. Ilikuwa na ukali mzuri, alisema, kadi ya nini hii.  Marlys akaifuta kwa aproni, akairudisha kwenye pochi, na kuanzia hapo hakutangaza tena. Mtu akishatangaza mara tatu kwa asiyesikia, ya nne ni kujidhalilisha.

Hata hivyo Wendell alimhitaji angani. Vyombo vipya lazima vijaribiwe, na huwezi kubonyeza vitufe vyote vile huku unaendesha. Kwa hiyo wakipaa tu juu ya mashamba ya mahindi, alikuwa akimwachia Marlys usukani. "Shika hapo," alikuwa akisema. "Iende moja kwa moja tu, na usiguse kitu." Halafu anainamia skrini yake kama kuku anayedonoa. Marlys anashika. Wakati mwingine anashika saa nzima, anapinda kwa ustaarabu, anashuka futi mia tano na kuzipanda tena ili kujua ndege ile inavyoutii mkono, na Wendell hajainua kichwa. Mara moja aliinua, akaona uwanja uko mbele yao, umenyooka sawasawa. "Aha," akasema, "rubani wa mashine anafanya kazi." Chombo hicho cha kujiendesha hakikuwa hata kimewashwa.

Mwezi wa Septemba Ardith alipiga simu mwenyewe. Moyo wake una tatizo, watampasua Ijumaa alfajiri. Marlys alisikiliza, akauliza maswali mafupi, kisha Wendell akaisikia sauti ya shemeji yake ikitoka kwenye simu, kavu kabisa.

"Njoo Alhamisi, kabla ya saa mbili usiku. Baada ya saa mbili hawaruhusu mtu. Kama hutafika Alhamisi, Marlys, usisumbuke kuja. Nimeshapata kungoja ndege mara moja."

Marlys akaweka simu. "Tutaenda kwa gari," akasema.

Wendell alishikwa na uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyefanya kosa na anaomba nafasi. "Mama," akasema, "yote yale nimeyafanya kwa ajili ya siku hii. Nipe siku hii moja."

Alimpa. Lakini alimwekea mpaka: saa sita mchana Alhamisi. Ikifika saa sita hawajaruka, wanaingia kwenye gari, na wakienda bila kusimama watafika saa mbili usiku ya kule, kwenye kizingiti. Wendell akakubali. Akalala usingizi mnono.

Alhamisi ikaamka na wingu. Wingu lilelile, pana, la kijivu, limekaa futi mia nane juu ya ardhi, halina barafu, halina radi, limetulia tu. Wendell alilitazama kwa furaha kama mtu aliyekutana na mdeni wake njiani. Saa tatu walikuwa bandani. Marlys alikuwa na keki tena, na makoti mawili ya kuelea ya kuvukia ziwa.

Sasa, mtu wa kawaida angepaa. Wendell alifungua faili la bluu. Akaanza kupitia tarehe moja moja. Mirija, sawa. Kimo, sawa. Ukaguzi wa redio wa kila siku thelathini, siku ya ishirini na nane, sawa, lakini kwa nini usiufanye upya ukawa wa leo. Akaufanya upya. Ramani za ndani ya chombo zilikuwa zimepitwa na wakati tangu juzi. Akatafuta mtandao wa uwanja, nao unajulikana, unakuja ukipenda. Saa tano na nusu ramani zilikuwa zimefika nusu.

"Wendell," Marlys akasema. "Saa."

"Naona. Inaingia."

"Naiangalia saa niliyokununulia. Ina sekunde."

Ramani ziliisha saa sita na dakika ishirini. Kisha skrini ikadai izimwe na kuwashwa. Wakati Wendell analifunga jalada la faili kwa kuridhika, saa saba ilikuwa imebakiza dakika chache, na hakuna gari duniani ambalo lingefika Muskegon kabla ya saa mbili. Marlys alilijua hilo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya kitambaa cha keki, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya mazishi. Wendell aliuona. Ulimchoma, akaharakisha maneno.

"Tayari, mama. Kila kitu halali. Kila kitu kina tarehe."

Gordy alikuwa ameegemea mlango wa banda na kikombe chake. Alikuwa hapo kitambo, amenyamaza, na kunyamaza kwa Gordy ni jambo la kutia hofu.

"Na rubani ana tarehe gani?" akauliza.

"Rubani gani?"

"Huyo wa kuiendesha. Au nacho ni chombo cha kuagiza?"

Wendell akacheka kidogo, kisha cheko likamfia mdomoni. Leseni ya kuingia wingu alikuwa nayo, ya tangu ujana. Lakini leseni hiyo hulala usipoiamsha: sheria inataka ndani ya miezi sita iliyopita uwe umeshuka kwenda kutua kwa kutazama vyombo tu mara sita, na uandike. Kifungu hicho kilikuwa kwenye kitabu chake. Hakukitia kikaratasi cha njano. Alikwenda kwenye begi, akatoa kitabu chake cha safari, akafunua kurudi nyuma, akafunua tena, akafika miaka ya kabla ya sanduku la kwanza la mabati. Mara ya mwisho aliposhuka ndani ya wingu, Kurt, mwanawe, alikuwa bado anaishi nyumbani.

Miaka kumi na mmoja. Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa na skrini tatu za kuonea.

"Gordy," akasema, sauti imekauka, "wewe tupeleke."

"Viti viwili hivyo, mzee. Nikiingia mimi, nani anabaki, wewe au shemeji? Na yangu injini iko mezani tangu Jumatatu."

Wendell alikaa chini sakafuni, palepale, na mgongo wake ukaegemea tairi. Hakuwa na mzaha uliobaki. Alimtazama mkewe akasema jambo ambalo hakulisema siku ya mazishi. "Nimekuharibia tena. Nisamehe, Marlys. Nimekuharibia mara mbili."

Marlys aliinuka kwenye ndoo. Akampa Gordy keki ashike. Akafungua pochi, akatoa kadi ya plastiki, akaishusha mbele ya pua ya mumewe. Ilikuwa na alama nyeupe ya gundi kwenye ukingo mmoja.

"Isome vizuri," akasema. "Ukimaliza, funga mkanda."

Wendell aliisoma. Jina la mkewe, picha ya mkewe, rubani, na chini yake ruhusa ya kuruka kwa vyombo. Akageuza nyuma, akageuza mbele. Akamtazama Gordy.

"Wewe ulijua?"

"Nimemfundisha mimi, nisijue? Mwezi uliopita ameshuka kwa vyombo mara saba. Ya saba kwenye mvua, mimi nikasali, yeye akawa ananiuliza kama nimekula."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilikwambia," Marlys akasema. "Ulitaka bisibisi nyembamba."

Alishapeleka mpango wa safari kwa waongozaji wa ndege saa tano, kwa jina lake, alipoona ramani zinakwenda kwa mwendo wa konokono. Akavaa koti la kuelea. Akazunguka ndege, akakagua mafuta, akagusa mabawa, kama alivyozunguka basi kila alfajiri kwa miaka ishirini na sita. Halafu akaingia kupitia upande wa kushoto, penye skrini zote, maana Wendell alizipanga zote upande huo ili abiria asizisumbue. Upande wa kulia palibaki kiti, mkanda, na kibao cha shaba.

Wendell akaingia hapo. Gordy akamwekea keki mapajani.

Walipaa, na kwenye futi mia nane dunia ikafutika. Kijivu mbele, kijivu pembeni, kijivu chini pale panapotakiwa kuwa na ziwa. Marlys alizungumza na waongozaji wa ndege kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia watoto wakae chini. Macho yake yalikuwa yakitoka kwenye chombo kimoja hadi kingine bila haraka, na mara kwa mara yalipita kwenye saa ndogo ya betri.  Wendell alijua kila waya uliokuwa nyuma ya dashibodi ile, na kila kiungo alichokiunga akiwa amechoka, na sasa alivikumbuka vyote kwa majina. Katikati ya ziwa aliona tarakimu moja kwenye skrini ya tatu haikumpendeza, akanyoosha kidole.

"Wendell," Marlys akasema, hajageuka. "Usiguse kitu."

Akarudisha kidole juu ya keki. Hakukuwa na kingine cha kutazama ila kilichokuwa mbele ya uso wake, basi akakitazama. Alikisoma tangu herufi ya kwanza mpaka skrubu ya mwisho, akakirudia, na kwa mara ya kwanza tangu akichongeshe hakukiona kinachekesha hata kidogo. Aliwaza mwanamke huyu alikuwa amekisoma mara ngapi, akafunga mkanda kila mara, asiseme neno. Akaona haya, haya nzito ya mtu mzima.

Wakatokeza chini ya wingu, na njia ya kutua ilikuwa palepale mbele, taa zake zimewaka. Ndege ikagusa lami bila kelele.

Saa kumi na moja na robo ya kule walikuwa hospitalini. Ardith alikuwa kitandani na mirija puani, mdogo kuliko walivyomkumbuka. Alimshika Marlys mkono muda mrefu. Kisha akamgeukia yule aliyesimama mlangoni na keki.

"Kumbe safari hii umemleta," akasema. "Sikudhani."

 Marlys aliinama akanyoosha shuka, akampa mumewe nafasi ya kuchukua sifa kama angeitaka. Na Wendell aliitaka, tusidanganyane, ilimfika mpaka kwenye meno. Akaimeza.

"Kanileta yeye," akasema. "Mimi nilikuwa abiria. Nimesoma lile onyo njia nzima."

Ardith alimtazama dadake, akaiona leseni yenye gundi ikitokeza kwenye mfuko wa blauzi, akaelewa. Alicheka hadi mashine iliyopima moyo wake ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio. Alipotulia akajifuta macho, akaonyesha kiti kilicho mbali na kitanda, kando ya mlango.

"Ya mazishi sijakusamehe," akamwambia. "Ila unaweza kukaa. Hiyo keki, mpe mwenye safari aikate."